Homa Tu, Daktari

Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, na ndege walijua. Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Muzdalifa alipanda kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, akaanza kuamia, yaani kufukuza ndege. Alivuta kamba ya makopo, akapiga kelele, akarusha madongo kwa kombeo. Ndege wakifukuzwa upande huu, hutua upande ule. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na familia nyingi za kijijini zilikuwa zimehamia bondeni, karibu na mto Rufiji, kulinda mpunga mpaka uvunwe.

Bondeni hakukuwa na zahanati, wala duka, wala umeme. Simu ilikuwepo. Baba yake Muzdalifa, aliyekuwa kibaruani Dar es Salaam, alikuwa ameituma kwa basi, na mama yake, Mwanaharusi, aliitundika kwenye nguzo ya dungu ndani ya mfuko wa nailoni. Lakini hapo dunguni haikushika mtandao. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kikubwa kando ya njia. Watu walikiita Posta.

Ukitaka kuzungumza, ulipanda Posta, ukasimama wima, ukaelekea upande wa Ikwiriri na kupaza sauti. Waliosubiri zamu yao walikaa chini yako, wakasikia kila neno. Mbaya zaidi ni kwamba Salumu, kijana wa shamba la jirani, hakukosekana pale. Salumu alisoma darasa la sita pamoja na Muzdalifa, na alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Mzee mmoja alipomweleza daktari habari za tumbo lake la kuhara, kufika jioni Salumu alikuwa ameshayaigiza mazungumzo yote, kujishika tumbo kukiwamo, na bonde zima limecheka. Muzdalifa alicheka kuliko wote.

Daktari mwenyewe alikuwa Nasma wa zahanati ya kijijini. Kabla watu hawajahamia mashambani aliwapa kina mama namba yake. "Bipuni tu," aliwaambia. "Nitapiga mimi. Bora nisumbuliwe bure kuliko nisiambiwe."

Siku hiyo mdogo wake Muzdalifa, Ukasha, mtoto wa miaka mitatu, aliamka na joto kali. Jua lilipopanda, Muzdalifa alisikia bibi yake akipiga ukelele chini ya dungu. Alishuka mbio. Ukasha alikuwa amekakamaa. Macho yamegeuka juu, meno yameumana, mikono na miguu inatupwatupwa.

"Degedege!" alilia Bibi Mwanajuma. "Degedege limemshika mume wangu! Leteni kaniki!"

Alimfunika Ukasha kwa kaniki nyeusi, akachukua kipande cha mavi makavu ya tembo alichokihifadhi kwenye kifuu, akakitia motoni na kumfukiza. Moshi ulijaa kila mahali. Mwanaharusi alifika akitweta, mikono ina matope, akamkumbatia mwanawe. Baada ya muda mtoto alilegea, akalala.

"Muzdalifa, chukua simu," mama alisema. "Nenda Posta, umbipu daktari. Mwambie kila ulichokiona. Macho, meno, miguu, kila kitu."

"Mama Muzdalifa," bibi alisema, "mtoto wa degedege hapigwi sindano. Akipigwa sindano, tumempoteza."

"Mama, nakuheshimu. Lakini daktari ataambiwa." Mwanaharusi alimgeukia binti yake. "Bado umesimama?"

Muzdalifa alikimbia. Pale Posta alikuta kinamama wawili na Salumu wakisubiri zamu. Wakampisha aliposema ana mgonjwa. Alipokuwa akipanda, Salumu alivuta pumzi kwa pua, kwa madaha.

"Loo! Nani kachoma mavi ya tembo? Muzdalifa, kumbe na nyinyi wasomi mnafukizana?"

Kinamama wakacheka. Muzdalifa alihisi uso ukimwaka. Yeye ndiye aliyesimama darasani muhula uliopita akasoma insha juu ya malaria, mwalimu akampigia makofi. Na sasa nguo zake zilinuka moshi wa bibi.

Alibipu. Simu ikaita palepale.

"Shikamoo daktari. Ni Muzdalifa, wa Mwanaharusi."

"Marahaba, mwanangu. Nani anaumwa?"

"Ukasha. Ana homa."

"Homa peke yake? Amestukastuka? Amekakamaa?"

Muzdalifa alitazama chini. Salumu alikuwa ameinua kidevu, anasikiliza, na mdomo wake umekaa tayari kucheka. Muzdalifa alimwona kichwani mwake akiigiza jioni, amegeuza macho, ametupa miguu: Mwanafunzi bora, nyumbani kwao degedege!

"Hapana," alisema. "Homa tu, daktari."

"Anakunywa maji vizuri? Anaitika akiitwa?"

"Ndiyo."

"Kuna dawa yoyote ya kienyeji mliyompa?"

"Hakuna."

"Haya. Mvueni nguo nzito, mpeni panadol na maji mengi, kesho asubuhi mama amlete. Likibadilika lolote, nibipu saa hiyohiyo. Umenielewa?"

"Ndiyo, daktari."

Aliporudi, mama alimsikiliza akiwa amekunja uso. "Panadol? Mpaka kesho? Ulimwambia macho yalivyogeuka?"

Muzdalifa alitazama vidole vya miguu yake. "Nilimwambia."

Hapo Mwanaharusi aliguna, kisha akamwamini. Angefanyaje? Aliyemtuma ni mwanawe, na aliyesema ni daktari.

Alasiri ile Muzdalifa hakuweza kula. Ndege walitua mbele yake naye hakuwarushia dongo. Kila mara alichungulia chini. Mama alimpa Ukasha maji kwa kijiko, yakamwagika shavuni. Akamwita jina, hakuitika. Akamwita tena kwa nguvu. Kisha miguu midogo ikaanza kutupwatupwa upya, na safari hii haikukoma upesi.

"Lakini daktari kasema tungoje!" Mwanaharusi alisema, sauti yake imekatika. "Daktari kasema!"

Maneno yale yalimchoma Muzdalifa kuliko kofi. Alishuka dunguni. Alinyakua simu na kukimbia, nyasi zikimkata miguu.

Posta ilikuwa imejaa. Ilikuwa saa ambayo watu walitoka mashambani. Salumu alikuwa pale na baba yake, Mzee Bwanaheri, ameegemea baiskeli. Muzdalifa hakuomba njia. Alipanda, akabipu, na simu ilipoita alipaza sauti yake yote.

"Daktari, nilikudanganya! Ukasha alishikwa degedege asubuhi. Macho yaligeuka, meno yaliumana. Tulimfunika kaniki, tukamfukiza mavi ya tembo. Na sasa limemshika tena, hanywi maji, hamwitikii mama! Nilisema homa tu kwa sababu niliona haya!"

Hakuna aliyecheka.

Sauti ya Daktari Nasma ilibadilika, ikawa fupi na kavu. "Sikiliza. Mtoeni kaniki. Mlazeni ubavu. Msimtie kitu chochote mdomoni, wala maji, wala kijiko. Hakuna moshi. Mleteni barabarani sasa hivi, nami natoka na pikipiki na dawa. Nani yuko karibu na wewe?"

"Watu wote," Muzdalifa alisema, machozi yakimtoka.

"Waambie nahitaji baiskeli."

Hakuwa na haja ya kuwaambia. Walikuwa wamesikia. Mzee Bwanaheri alikuwa ameshaigeuza baiskeli yake kuelekea shambani kwa kina Muzdalifa, na Salumu alikuwa mbele yake anakimbia, akipiga kelele njia ipishwe.

Mwanaharusi alikaa kwenye kiti cha nyuma na mtoto kifuani, Mzee Bwanaheri akisukuma, Salumu na Muzdalifa wakishika huku na huku kwenye matuta. Barabarani walimkuta daktari ameshafika. Alimpima Ukasha palepale kwenye nyasi, akampiga sindano, akasimamisha lori lililobeba ufuta na kupanda nao mpaka kituo cha afya cha Ikwiriri.

Siku ya pili Ukasha alifumbua macho na kudai uji. Alipopewa aliukataa, kwa kuwa haukuwa na sukari ya kutosha. Mwanaharusi alilia na kucheka kwa pamoja.

Daktari Nasma alikuja kumwangalia. Alivuta kiti karibu na Muzdalifa. Wodi ilikuwa imejaa kinamama, na wote waligeuka kusikiliza.

"Nieleze tena," alisema. "Tangu asubuhi. Usiruke kitu."

Muzdalifa alitazama nyuso zile. Alitamani sakafu immeze. Kisha alieleza kwa sauti ya kusikika: kaniki, moshi, kicheko cha Salumu, uongo aliomwambia daktari, na uongo wa pili aliomwambia mama.

Uongo wa pili ndio uliomfanya Mwanaharusi ageuke. Mpaka hapo alidhani daktari ndiye aliyekosea. Alimtazama binti yake, naye Muzdalifa akatamani apigwe tu yaishe.

"Bibi yake alifukiza kwa kumpenda," Daktari Nasma alisema taratibu. "Nitakwenda bondeni nizungumze naye, na wala sitamcheka. Degedege hili ni malaria iliyofika kichwani, na mtoto akicheleweshwa ndipo hufa, kisha watu huilaumu sindano. Lakini wewe, Muzdalifa, kwenye simu mimi simwoni mgonjwa. Simgusi. Ninachokijua ni kile unachoniambia. Ukinificha, ninatibu mtoto mwingine kabisa, asiyekuwepo. Na mimi nimekosea: sikukuuliza kama umezungukwa na watu. Tangu leo nitauliza, na mtu akiongea habari za mgonjwa, wengine wasogee mbali."

"Nisamehe, daktari. Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe," Mwanaharusi alisema. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuyalainisha. "Lakini usikie vizuri. Uliogopa kuchekwa. Salumu angecheka mpaka jioni, kesho angemcheka mwingine. Ukasha angekufa, ungekaa na aibu hiyo mpaka uzeeke, na hakuna ambaye angekucheka. Ugonjwa hauna aibu, mwanangu. Aibu ni kuuficha."

Alichukua kikombe cha uji, akamkabidhi.

"Haya, ongeza sukari. Umlishe ndugu yako."

Muzdalifa alikaa kitandani, akakoroga uji. Alimlisha kijiko kwa kijiko, wala hakumwaga hata tone.