Tembe za Daku

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa Ramadhani, saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, lakini mawingu bado yalitanda juu ya ghuba ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji. Mariamo alikuwa barazani akisuka ukili. Mara nyumba ikamzunguka, akashika nguzo.

"Una nini, mke wangu?" aliuliza Jafar.

"Saumu tu."

Haikuwa saumu. Tangu jana choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Mariamo alificha. Alijua kwamba akisema, ataambiwa afungue, na mwezi ulikuwa ukingoni.

Jafar hakuridhika. Alimwita jirani yao dona Domingas, bibi muuguzi aliyehamishwa kutoka Nampula.

"Mama, unakunywa dawa gani?" aliuliza Domingas.

"Za magoti. Diklofenaki ya hospitali na ibuprofeni ya sokoni. Bila hizo sisujudu."

"Unazinywa saa ngapi?"

"Mchana nimefunga. Basi za kutwa nzima nazimeza pamoja wakati wa daku, kwa chai ya rangi tupu. Magoti yanatulia kabisa!"

"Daktari mkuu huyo," alisema Jafar. "Hata kipimo amejipangia."

Domingas hakucheka. "Na choo, mama?"

Mariamo aliinamia ukili wake. "Cheusi."

"Hiyo ni damu. Dawa hizo mbili ni za aina moja. Hutuliza maumivu, lakini hudhoofisha utando unaokinga tumbo. Ukizichanganya, ukazidisha kipimo, ukazinywa bila chakula, tumbo hufanya vidonda na kuvuja damu. Hudhuru hata figo, hasa mwili ukikosa maji. Twende hospitali sasa hivi."

"Na saumu yangu?"

"Saumu hulipwa, Mariamo," alisema Jafar. "Mgonjwa ana ruhusa. Wewe nikikupoteza, nitalipwa na nani?"

Mariamo aliweka ukili chini. "Nipe mtandio wangu."

Mariamo alilazwa, akaongezwa damu, akatibiwa vidonda. Saumu alizozikosa alizilipa baadaye, daktari alipomruhusu. Siku hizi hunywa parasetamoli kwa kipimo alichopewa, na huswali ameketi kitini. Jafar alikusanya tembe zilizobaki, akazirudisha hospitali. Domingas alipita nyumba za jirani, akawauliza wanawake mmoja mmoja wanameza nini wakati wa daku.