Rachida Si Mwongo

Rachida na mumewe Anuar wanaishi Quionga, kijiji cha pwani kaskazini mwa Msumbiji. Asubuhi Anuar huenda kuvua, na Rachida hukuna nazi za kupikia. Mwaka mmoja watu wa kampuni ya gesi walikuja Palma, mji wa jirani. Malori yao yalipita kijijini kwa kasi, yakitimua vumbi mpaka ndani ya vyungu.

Siku moja lori lilimgonga binti yao, akafa palepale. Dereva hakusimama. Hakuna mtu wa kampuni aliyekuja hata kutoa pole! Na watu wa nyumbani wakamwambia Rachida, "Nyamaza. Usilie sana, ni kazi ya Mungu." Rachida akanyamaza.

Tangu hapo, lori likinguruma, Rachida alikuwa kama hayupo. Macho wazi, lakini hajibu. Baadaye hakumbuki chochote. Siku nyingine alikwenda kuchota maji, akaja kujitambua yuko Namoto, mpakani na Tanzania, ndoo mkononi.

"Nimefikaje huku?" aliwauliza watu.

Wakamcheka. Wakasema amelewa. Rachida, ambaye hajaonja pombe maisha yake yote!

Carimo, kaka yake Anuar, alikuja na kamba.

"Ana shetani huyu," alisema. "Au anajifanya, akwepe kazi. Tumfunge mpaka akili zimrudi."

"Shemeji, sijifanyi," Rachida alisema. "Unanifunga kwa kosa gani?"

Anuar alimnyang'anya kaka yake kamba, akaitupa nje. "Mke wangu hafungwi! Kesho tunakwenda hospitali."

Huko Palma walipokewa na Dona Dulce, yaani Bibi Dulce, mhudumu wa afya ya akili. Alimsikiliza Rachida mpaka mwisho. Kisha akampima, kwa sababu malaria na kifafa navyo huweza kumpotezea mtu fahamu. Hakuvikuta.

"Basi nina wazimu?" Rachida aliuliza.

"Hapana, mama. Wala husemi uongo. Maumivu yakizidi sana, akili hujitenga nayo ili mtu aweze kuishi. Ndiyo maana unapotea na kusahau. Ni ugonjwa, na watu hupata nafuu."

"Kaka yangu anasema ni shetani," alisema Anuar.

Dulce alikasirika. "Anayetaka kumwombea dua amwombee. Lakini kamba na kipigo vinamzidishia ugonjwa! Lori limemuulia mtoto, nyumbani wakamkataza kulia, sasa wanataka kumfunga?"

Akawafundisha. "Mama, ukihisi unaanza kupotea, kanyaga chini kwa nguvu. Shika kitu cha baridi. Taja vitu unavyoviona. Nawe Anuar, mwite kwa jina, polepole. Mwambie yuko wapi na yuko na nani. Usimtikise, usimpigie kelele. Na mrudi kwangu, tuzungumze."

Walirudi kila mwezi. Rachida alimzungumzia mwanawe, akalia alivyotaka. Kupotea kukapungua, ingawa hakukwisha. Carimo alikuja kuomba radhi. Rachida aliendelea kukuna nazi.

Kisha kampuni ikaitisha mkutano kijijini. Mgeni mmoja wa kampuni alisema barabara ni salama. Rachida akasimama.

"Salama kwa nani? Mwanangu aliitwa Muanacha. Lori lenu…"

Sauti ikakatika. Macho yakaanza kuganda.

"Rachida," Anuar alisema polepole. "Uko Quionga. Mimi niko hapa, karibu yako."

Rachida akakanyaga mchanga, mguu mmoja, kisha wa pili. Akavuta pumzi.

"Lori lenu lilimuua," alisema, "na hata kumzika hamkuja." Yule mgeni akainuka aondoke. "Usiondoke, bwana. Kaa unisikilize, sijamaliza."