Sauti Iliyofunikwa na Muziki

Wenzangu, tegeni sikio kidogo, maana haya huingia nyumba yoyote, hata ya wacha Mungu.

Jioni hiyo nyumba ilikuwa imetulia. Mama alikuwa akipiga pasi mashati ya wateja. Kaka mkubwa, aliyeachana na pombe akapata kazi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, alikuwa akikaza mguu wa kiti. Binti kitinda mimba, mwanafunzi wa masomo ya habari, alisubiri majibu ya filamu fupi aliyoitengeneza kwa mtihani. Simu ikalia. Akasoma, uso ukamvimba.

"Umefeli?" mama akauliza.

"Mwalimu ananionea tu! Eti picha nzuri, lakini nirudie."

Yaliyobaki akayameza. Mwalimu alikuwa ameandika: "Huyu mlevi anayeanguka mlangoni alikupa ruhusa? Naona midomo inacheza. Alikuwa anasema nini? Mbona umemfunika kwa muziki?"

Mlevi huyo, ndugu zangu, alikuwa kaka yake, ambaye binti alimrekodi enzi zile za chupa.

Binti hakutafakari. Akaituma filamu kwa wanafunzi wenzake, waamue kati yake na mwalimu. Wao wakacheka, wakaisambaza. Kichekesho hakihitaji nauli. Kikafika hadi karakanani.

Kaka akarudi nyumbani mchana kweupe. "Filamu ya huyu mdogo wangu imefika kazini, wenzangu wananiigiza ninavyoanguka," akasema. "Fundi mkuu kaniambia mlevi hashiki moto wa kuchomelea kwake. Nimefukuzwa."

Mama akamgeukia binti. "We mtoto! Damu yako mwenyewe?"

"Nilitaka watu waone ubaya wa pombe, mama. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Maradhi hupelekwa kwa daktari, hayapelekwi sokoni!"

Kaka hakugomba. Hilo ndilo lililomchoma binti. Akaingia chumbani, akayasoma tena maneno ya mwalimu, safari hii polepole, kama mtu anayesomewa kesi yake. Kisha akatoka.

"Kaka, siku ile mlangoni ulikuwa unasema nini?"

"Kwani hukusikia? Nilikuwa nakuita wewe. Mdogo wangu, nishike mkono, sioni kizingiti."

Binti akaangua kilio. Alikuwa ameisikia sauti ile alipokuwa akihariri. Akaona inamharibia kazi, akaifunika kwa muziki.

Kulipokucha akaenda karakanani, akasimama mbele ya mafundi wote. "Picha ile ni ya zamani, na mkosaji ni mimi. Kaka yangu hanywi tena."

Fundi mkuu akamtazama sana. "Aje. Lakini kwanza afagie, moto nitampa nikijiridhisha."

Kaka akaenda, akafagia, na chupa hajaigusa. Ila mpaka leo binti akiingia sebuleni, kaka hukatisha mazungumzo.

FUNZO

Mwenyezi Mungu anaona kuliko simu zetu zote, na bado anatusitiri. Ndugu akianguka, mwinue kwanza. Na anayejua akikuonyesha kosa lako, usikimbilie kutafuta watu wa kukutetea. Kaa na maneno yake yangali yanauma, kabla hayajamuumiza mwingine.