Alama za Chaki Kwenye Tanga la Mtumba

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ni kuokota pini. Shangazi ni fundi cherehani, na chumba chake cha kazi ndicho chumba cha mbele cha nyumba yetu. Pini zinazomponyoka mchana kutwa huzagaa sakafuni. Mimi nina sumaku niliyoifunga kwenye uzi, naiburuta chini ya meza, nyuma ya mlango na kwenye pembe zote mpaka izinase. Nafanya haraka. Nafanya kila kitu haraka: kula, kuoga, hata hesabu za nyumbani. Ndiyo maana nyumbani na mtaani naitwa Chapuchapu, na wakati ule niliona jina hilo ni sifa.

Jumatatu moja nilifungua mlango nikakuta sakafu haionekani. Kitambaa chembamba cha rangi ya chungwa na buluu kilikuwa kimefunika meza, viti, cherehani na miguu ya Shangazi, kikapita mlangoni na kuishia jikoni. Baba, ambaye ni fundi wa friji, alisimama kwenye korido akitabasamu peke yake.

"Usikanyage," aliniambia. "Hilo ni tanga letu jipya."

"Jipya kwetu," Shangazi alisema bila kuinua kichwa. "Mwenyewe alishalichoka."

Sisi tuna mashua ndogo ya tanga. Hukaa uani juu ya tela la magurudumu mawili, na siku za mapumziko Baba huifunga nyuma ya gari lake la kazi tukaenda nayo ziwani. Ilikuwa na matanga mawili tu. Hili la tatu huitwa spinaka. Ni tanga pana, jepesi, lenye tumbo, na hupandishwa mbele ya mashua pale upepo unapotoka nyuma. Kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia, wenzetu wote walikuwa na spinaka, sisi hatuna. Tulifika wakati watu wa zawadi wanakunja meza. Siku hiyo mimi kazi yangu ilikuwa kuhamia upande huu na upande ule ili mashua isilale, kama gunia lenye miguu. Pacha wa jirani walinicheka wiki nzima.

"Jumamosi hii ni mashindano tena," Baba alisema. "Tanga hili likikaa sawa, kamba yake utaishika wewe."

Nilifurahi mpaka nikasahau pini.

Kulikalisha sawa haikuwa kazi ndogo. Muuzaji alikuwa amemwapia Baba kwamba limeshonewa mashua kama yetu, lakini lilipopimwa na mlingoti likazidi kwa mkono mzima. Baba alinywea. Shangazi yeye alicheka tu.

"Wauzaji wa mitumba ndivyo walivyo. Tanga hili ni mteja mrefu, ana tumbo na hana mabega. Nimeshonea wengi wa aina yake."

Alikata ukanda mrefu wa rangi ya chungwa chini ya tanga, akakunja upindo upya, na ule ukanda akauweka kwenye droo ya mabaki. Baba naye alipanda ngazi, akafunga kapi juu ya mlingoti ili kamba ya kupandishia ipite, kisha akachonga bomba la aluminiamu liwe mti wa kusukuma pembe ya tanga nje. Mimi nikapewa kazi ya kukagua.

Shangazi ana utaratibu wake. Nguo yoyote ya mtumba inayoingia kwake hukaguliwa kwenye mwanga kabla haijatoka mikononi mwake. Kila kipande kilichokaguliwa huwekwa alama ya chaki pembeni.

"Alama maana yake nimekiona chote, kwa macho yangu," alinikumbusha. "Tanga lina vipande kumi na viwili. Tafuta matundu. Hata dogo la sindano, upepo ukiliona utalipanua."

Jumatano nilianza. Nilinyoosha kipande kimoja kimoja kwenye kioo cha dirisha na kukipitia kutoka juu hadi chini. Kipande cha tatu kilikuwa na tundu, cha sita kilikuwa na tundu, nikayazungushia chaki. Nilipomaliza cha tisa, shingo inauma na macho yananiwasha, nikasikia pacha wa jirani wakiniita nje. Walikuwa wanaruka kamba na mtu mmoja amepungua.

Nikavitazama vile vitatu vilivyobaki. Vilikuwa vya buluu, safi, vinang'aa. Nikaweka alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikakunja tanga.

"Umemaliza?" Shangazi aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Vyote?"

"Vyote, Shangazi."

Akaziba yale matundu mawili. Hakuangalia penginepo, kwa sababu alama zangu zilikuwepo.

Alhamisi jioni tulilijaribu tanga palepale uani, mashua ikiwa juu ya tela. Mimi nilikaa ndani ya mashua na kamba yangu mkononi. Baba akavuta, spinaka ikapanda, ikasitasita, kisha upepo ukaingia kutoka upande wa geti na tanga likavimba lote mara moja. Nilikuwa bado nafurahia nilipoona ukuta wa nyumba yetu unarudi nyuma. Tela lilikuwa linatembea. Baba alilikimbilia, Shangazi akamkimbilia Baba, na mashua ikakatiza ua polepole, ikaenda kusimama katikati ya shuka alizokuwa anaanika jirani yetu, Mama Pacha.

"Jamani," alisema akiwa ndani ya shuka, sura haionekani, "mashindano si Jumamosi?"

Watu wote uani walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba akashusha tanga, na kabla hajaulizwa na mtu akasema, "Kosa ni langu, jirani. Sikuweka mawe kwenye magurudumu. Nilijua inatakiwa, nikajiambia ni jambo la dakika moja tu. Hizo shuka nitazifua mimi."

Na kweli akakunja mikono ya shati, akavuta beseni.

Kicheko changu kilikatika. Alichokisema Baba kuhusu mawe ndicho nilichojiambia mimi kuhusu vile vipande vitatu. Tofauti ni kwamba yeye alikisema mbele ya watu wote uani, mimi nimejikausha. Nikawaza: nikisema, kamba naikosa, narudi kuwa gunia. Nisiposema, tanga linaweza kuchanika katikati ya ziwa, na Baba na Shangazi wamo ndani. Nilishuka, nikazunguka mashua mara mbili, kisha nikaenda chumba cha mbele.

"Shangazi, kipande cha kumi, cha kumi na moja na cha kumi na mbili sikuvikagua."

Alisimamisha cherehani. "Vina alama."

"Niliweka tu. Nilitaka kwenda kucheza."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alichukua kitambaa kibichi, akalikunjua tanga, akafuta alama ya kumi na mbili, ya kumi na moja na ya kumi. Halafu akaendelea kufuta ya tisa, ya nane, ya saba.

"Hizo ni za kweli," nilisema, na machozi yakanilengalenga. "Hizo niliangalia, Shangazi."

"Inawezekana, mwanangu. Lakini mimi nikizitazama, zote zimefanana. Nitajuaje?" Akafuta ya kwanza. "Haya, kwa baba yako. Kamba ni yake kutoa."

Baba alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakamua shuka, akanishikisha upande mmoja nimsaidie.

"Afadhali umesema tukiwa nchi kavu," alisema. "Kamba simpi mtu asiyelijua tanga lake. Likague kwanza, kisha tutazungumza."

Ijumaa pacha waliniita, nikawaambia leo sipo. Nilianza na kipande cha kwanza. Nilikwenda taratibu, kidole kikifuata kila mshono, na nikagundua jambo la kunifedhehesha: hata kwenye kile cha tano, nilichoapa kwamba nimekiona, palikuwa na tundu nililoliruka. Giza lilipokaribia nilikuwa kwenye cha kumi na moja. Pale pembeni, chini ya uzi wa mshono, palikuwa na mpasuko wenye urefu wa kidole changu. Nyuzi zake zilikuwa zimeanza kukatika.

Nikamwita Shangazi. Aliutazama, akauvuta kidogo tu, ukaongezeka mbele ya macho yetu.

"Huu ungefika juu kabla hujahesabu tatu," alisema kwa sauti ya chini.

Alifungua droo ya mabaki, akatoa ule ukanda wa rangi ya chungwa, na hapo hapo tukashona kiraka. Kiraka cha chungwa kwenye kitambaa cha buluu. Nilimwambia kitaonekana kutoka mbali, akajibu kwamba ndiyo uzuri wake. Akaziba na lile tundu la kipande cha tano, nami nikamalizia cha kumi na mbili kwenye mwanga wa taa.

Jumamosi upepo ulikuwa wa kutosha. Mashua tisa zilianza pamoja. Shangazi alishika usukani, Baba akashughulika na kamba, na mimi nikawa gunia kwa nusu ya kwanza, sikulalamika. Tulipozunguka boya upepo ukawa nyuma yetu. Mashua za mbele zikaanza kupandisha spinaka zao. Baba akashika kamba ya kupandishia, akasita.

"Dada, tanga liko salama?"

"Mimi usiniulize," Shangazi alijibu. "Mwenye chaki huyo hapo."

Wote wawili wakanitazama.

"Vipande kumi na viwili," nilisema. "Vyote nimeviona."

Baba hakuuliza tena. Alinipa kamba mkononi, akavuta, na spinaka ikapanda hadi juu ya mlingoti. Ilijaa kwa mshindo, mashua ikasukumwa mbele, kamba ikanivuta mikono mpaka nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote. Nilikitazama kile kiraka. Kilitulia. Tulipita mashua moja, tukapita ya pili, na ya tatu tuliipita Baba akiimba. Tulimaliza wa nne, na meza ya zawadi ilikuwa bado imesimama, ingawa haikuwa na kitu cha mtu wa nne.

Tulipokuwa tunakunja tanga nyasini, mawe yakiwa kwenye magurudumu yote mawili, Shangazi alinionyesha pembe ya kipande cha kumi na moja. Chaki ilikuwa imefifia kwa maji, lakini ilionekana.

"Unaona baba yako alivyolipandisha bila kuchungulia?" alisema. "Aliiamini hii alama. Mtu anapoweka alama, wenzake wanaacha kuangalia, wanamwachia yeye. Kwa hiyo ukiiweka pasipo kazi, umewafumba macho watu wanaokupenda. Wepesi wako ni mzuri, sikukatazi. Ila kwanza uangalie, ndipo uandike."

Nilimwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa.

Akaingiza mkono mfukoni, akanipa kipande kipya cha chaki ambacho hakijavunjwa. "Jumatatu kuna suruali ishirini za mtumba zinakusubiri," alisema. "Na usisahau pini zangu."