Nafasi Kati ya Baiskeli Mbili

Jambo hili lilimpata kaka yangu Mwenze. Nusu yake mimi mwenyewe nilikuwepo, ingawa siwezi kusema niliona, kwa sababu cha kuona hakikuwepo. Jina langu ni Elisée, karani wa komini, yaani halmashauri, ya Dilala. Nina kitambi, napenda usingizi, na mambo ya mizimu sikuwahi kuyapa nafasi. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadai nilikwenda kuyatafuta.

Kila Jumamosi tulikuwa tukipanda baiskeli watu watatu: mimi, Mwenze, na binti yake Tania, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Si baiskeli za kubebea makala, yaani mkaa. Zilikuwa zile za mbio, zenye matairi membamba, ambazo Mwenze alizinunua kuukuu Lubumbashi na kuzifufua kwa mikono yake. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori ya madini hayajajaa barabarani, tukateremka hadi Ziwa Nzilo, tukafuata ukingo wake vilima kwa vilima, na kabla ya saa nne tulikuwa nyumbani kwa Mwenze. Mkewe, Kabedi, alitungoja na chai na maandazi. Nikisema ukweli, mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili ya maandazi.

Anayejua baiskeli anajua kwamba wa mbele hupasua upepo na wa nyuma hujificha mgongoni pake. Ukiwa nyuma ya mtu masikio yanatulia, kifua kinapata joto, na kilima kinakuwa na huruma kidogo. Mwenze ndiye aliyekaa mbele siku zote, kwa ajili ya Tania. Na alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kama padri: hakuna kugeuza kichwa. Barabara ni nyembamba, ukigeuka na baiskeli inageuka, na lori linakuja. Kwa hiyo wa mbele aliuliza, "Uko?" na wa nyuma akajibu, "Niko." Ila kwenye kilima kirefu kinachofuata baada ya bwawa linaloziba ziwa hatukuulizana, ili kutunza pumzi. Tania alikiita Mlima wa Kimya.

Mwezi wa tatu nilishikwa na malaria, wakaenda wawili. Kulikuwa na manyunyu. Mwenze alipanda kilima kile kichwa chini, akijua binti yuko nyuma yake. Hakuuliza, maana ndivyo tulivyokubaliana. Alipofika juu akaita, "Uko?" Akaita tena. Ndipo akageuka. Tania alikuwa amebaki chini kabisa, mnyororo umekatika, akasimama pembeni kuutengeneza, na lori lililokosa breki likamkuta hapo. Wachoma makala waliokuwa karibu walisema mtoto alikuwa amemwita baba yake amngoje. Wao walisikia. Yeye hakusikia.

Kwenye kilio ndugu za Kabedi walisema waziwazi kwamba Mwenze amemtoa mtoto kwa wachawi ili apate bahati ya shaba machimboni. Kaka yangu amefundisha jiografia maisha yake yote, hata sururu hajui kuishika vizuri. Kabedi hakusema hivyo. Hakusema chochote. Alimpikia mumewe, akamfulia, akamwekea maji ya kuoga, lakini tangu mazishi hakumpa neno hata moja. Miezi mitatu. Niliumia kila nilipoingia nyumba ile.

Mwezi wa sita Mwenze alikuja ofisini kwangu akafunga mlango. Alinieleza kwamba anarudi ziwani peke yake kila Jumamosi, na kwamba Tania yuko kule. Anaanzia chini ya kilima. Anamsikia nyuma yake, ule mlio wa gurudumu mtu anapoacha kukanyaga. Juma la kwanza binti alifika nusu ya kilima akapotea. Majuma yaliyofuata alisogea kidogo kidogo, na sasa anafika kileleni, hapo anakoma. Mwenze alitaka kumleta nyumbani kwa mama yake. Hilo tu. Aliniomba niwe wa mwisho, ili mtoto awe katikati yetu, asiachwe tena.

Nilimwambia akaonane na daktari. Akalia, mtu mzima, mbele ya rundo langu la vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Nikakubali. Ningefanyaje?

Jumamosi ile kulikuwa na baridi na ukungu ulikuwa umelalia ziwa. Hadi bwawani nilikuwa nimembana Mwenze mgongoni kama kawaida yangu. Chini ya kilima akanyoosha mkono nyuma: acha nafasi. Nikalegeza hadi pakawa na urefu wa baiskeli mbili kati yetu. Upepo wa ziwa ukanipiga kifuani, nikaanza kumlaani kimoyomoyo. Tukapanda.

Upepo ukakatika.

Niliangalia nyasi za pembeni. Zilikuwa zimelazwa na upepo. Shati la Mwenze lilikuwa likipepea. Kwangu, hakuna. Masikio yalikuwa yametulia. Kifua kilikuwa na joto. Nikasogea kushoto kidogo, upepo ukanipiga. Nikarudi. Ukakatika.

Mbele yangu palikuwa na mtu.

Niliona lami. Niliona mgongo wa kaka yangu. Katikati hapakuwa na kitu. Lakini nilisikia pumzi, fupi fupi, ya mtu anayejikaza. Kisha harufu ya mafuta ya nywele. Nilitaka kusimama. Miguu ilikataa, ikaendelea kukanyaga.

"Yaya," nikamwita kaka yangu kwa sauti ndogo, "kuko mutu."

"Najua." Hakugeuka. "Usimuache."

Tukafika kileleni, pale anapokomea. Mwenze akapunguza mwendo, karibu asimame kabisa. Akapunga kiwiko, akajitoa pembeni. Hiyo ndiyo ishara yetu ya kumwachia mwingine zamu ya mbele. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akimpa Tania ishara ile.

"Pita, mama," akasema. "Leo ni we mbele. Mi nitabakia nyuma."

Joto likaniondoka. Baridi ikaniingia hadi kwenye meno. Nikaangalia shati la Mwenze. Lilikuwa likipepea. Likatulia. Likalala mgongoni mwake, na upepo wote ule ukivuma. Kaka yangu akaanza kulia huku akikanyaga, na hakujaribu kujifuta.

Hivyo tukaongozwa. Tuliliacha ziwa, tukashika barabara kuu, na mwendo ukazidi kupanda. Nilibaki nyuma mapema, lakini niliendelea kuwaona, yaani kumwona mmoja. Sikujua kamwe kwamba Tania alikuwa na miguu ya namna ile. Siku zote alikuwa akijizuia kwa ajili yetu. Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya mji Mwenze alisimama juu ya pedali, akapigana. Halafu shati likaanza kupepea tena. Alifungua mdomo kuita, akakosa pumzi. Nilipomfikia alikuwa ameinamia usukani, anatapika maji matupu.

Tulipoingia Dilala geti la nyumbani lilikuwa wazi. Kabedi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, ufagio mapajani. Akamtazama mumewe moja kwa moja.

"Mumekawia," akasema.

Miezi mitatu, na hilo ndilo neno la kwanza. Mwenze akabaki ameshika baiskeli.

Kabedi alituhadithia taratibu, bila machozi. Alikuwa anafagia ua aliposikia geti. Tania akaingia akisukuma baiskeli, jasho usoni. Akaomba maji, akanywa amesimama, akauliza kama papa, baba yake, ameshafika. Kabedi akamgusa paji la uso, lilikuwa na joto la mtu mwenye afya. Mtoto akaketi pale kwenye ngazi, akawa anaangalia geti, geti tu. Alikaa muda mrefu. Kabedi akaingia ndani kumtolea chai. Aliporudi na kikombe hakukuwa na mtu.

Mwenze akauliza kama ameacha neno.

Kabedi alisita. Nadhani alitaka kumficha.

"Alisema umusamehe," akasema. "Alikuacha ku mulima. Hakuangaria nyuma."

Baiskeli ikaanguka. Mwenze akaketi chini pale pale, na Kabedi akamfuata, akamshika kichwa akakiweka kifuani pake. Walilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Iliniuma, inaniuma hadi leo ninapoandika.

Sikujua niangalie wapi, nikaangalia chini. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne, na matairi yetu yalikuwa meupe kwa vumbi. Lakini juu ya saruji aliyotoka kuifagia Kabedi kulikuwa na mstari mmoja wa tope bichi, mwembamba, upana wa kidole gumba. Ulianzia getini ukafika kwenye ngazi ya jikoni. Nikatafuta mwingine, wa kutoka. Nilizunguka nyumba nzima, nikapita nyuma ya choo, nikafuata ukuta hadi nikarudi nilipoanzia. Ulikuwepo ule mmoja tu, wa kuingia.

Tope lile lilikauka na hawajaliosha. Kabedi anafagia kwa kulizunguka. Na siku hizi geti lao wanalifunga kwa kufuli, hata mchana, hata wote wawili wakiwa ndani. Majirani wanadhani wanaogopa wezi wasiingie.