Mnara Ndani ya Beseni la Mama

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mama Dobi alikuwa ameshainama. Kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Alikuwa na mabeseni, kamba za kuanikia, na mikono iliyozoea sabuni. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na uwanja mtupu. Mwisho wa uwanja ulisimama mnara wa tangi la maji la mtaa. Ulikuwa mrefu. Mrefu kiasi gani, hakuna aliyejua, wala hakuna aliyewahi kuuliza.

Aliyekuja kuuliza ni binti yake mwenyewe. Alikuwa anasoma sekondari. Mama alimwita Kiherehere, kwa sababu tangu utotoni hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuguswa, kufunguliwa na kuulizwa maswali.

Muhula huo Kiherehere alizidi. Siku moja mama alitafuta beseni lake kubwa jeusi, asilione. Akatazama kamba zake, akakuta moja imekatwa kipande. Akatoka nje kwa hasira. Binti alikuwa amesimama wima katikati ya uwanja, anakodolea macho beseni lililojaa maji. Beseni lenyewe lilikuwa limefukiwa shimoni hadi ukingoni. Mashimo mengine yalikuwa yamepangana mstari kuelekea mnarani.

"Wewe! Unamzika nani hapo?"

"Simziki mtu, mama. Napima mnara."

"Kwa beseni?"

"Kwa beseni na kamba. Ni kazi ya hesabu. Ina maksi."

"Maksi ziko kwenye madaftari! Na nguo za watu nifulie wapi, kwenye kofia?"

Mama alilichomoa beseni, akamwaga maji yote. Alilibeba hadi ndani, akalifungia chumbani pamoja na kamba. Kiherehere alibaki amesimama kando ya shimo.

Mama hakuwa mkali bure. Siku chache kabla, ripoti ya shule ilikuwa imefika. Aliifungua na kuuliza swali ambalo wazazi wote huuliza.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Siku hizi hawasemi, mama."

"Hawasemi? Basi wanaficha!"

Alisoma mwenyewe. Lugha: 2. Hesabu: 4. Moyo ulimwanguka. Enzi zake, aliyepata daraja la nne aliburura mkia. "Angalau lugha umejitahidi," alisema. "Ila hesabu, mwanangu, imekushinda."

"Mama, nne ni nzuri."

"Kila aliyefeli husema hivyo."

Hofu yake ilikuwa na mizizi mirefu. Alipokuwa msichana, mkuu wa shule alisimama mstarini na kusoma majina, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Jina lake lilisomwa la mwisho kabisa. Shule nzima ilicheka. Hakurudi tena baada ya likizo. Miaka imepita, amelea, amejenga, lakini kila akijitazama humwona yule wa mwisho. Hakutaka binti yake aonje aibu ile. Alikwisha kuamua: mwakani Kiherehere aachane na masomo ya sayansi, achukue ya lugha.

Siku moja baada ya kulifungia beseni, jioni, mama alisikia sauti mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu! Karibu ndani."

Alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya kusikika hata darasa la tatu kutoka lake. Mama alimpa kiti, akajifuta mikono.

"Mama, nimekuja kuuliza. Kazi ya binti yako imesimama. Ameniambia beseni limefungwa jela."

"Mwalimu, sikukusudia ubaya. Mtoto ana nne ya hesabu, halafu anacheza na maji. Ningefanyaje?"

Mwalimu alimtazama kidogo. Kisha akauliza polepole, "Nne hiyo, mama, wewe umeielewaje?"

"Si daraja la nne? La mwisho?"

"Mama yangu! Utaratibu umebadilika. Sasa tuna ngazi, na ngazi hupandwa. Ya kwanza iko chini. Mtoto wa hapo ndiyo kwanza anaanza kulielewa somo. Ya pili, anaelewa lakini bado anahitaji kushikwa mkono. Ya tatu, anaweza mwenyewe. Ya nne ni ya juu kabisa. Aliye ya nne analitumia somo hata pale ambapo hajaonyeshwa. Binti yako yuko juu kabisa kwenye hesabu."

Mama alimtazama Kiherehere aliyesimama mlangoni, akamtazama mwalimu.

"Na ile mbili ya lugha?"

"Hiyo ndiyo ya kukazania."

"Yaani nimempongeza alipolegea, nikamgombeza alipong'aa?"

"Si wewe peke yako. Juzi kuna baba amemnunulia mwanawe viatu kwa kupata ngazi ya kwanza."

Walicheka wote watatu, hata Kiherehere. Lakini mama bado alikuwa na donge moyoni.

"Mbona hamsemi mtoto amekuwa wa ngapi?"

"Kwa sababu hiyo namba haimwambii mzazi mtoto anajua nini. Darasa zima likiwa hodari, lazima mmoja awe wa mwisho, ingawa naye ni hodari. Darasa zima likilala, lazima mmoja awe wa kwanza, naye amelala. Sasa tunampima kila mtoto kwa kile anachotakiwa kuweza. Hatumpimi kwa mwenzake."

Mama aliinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo hilo. Alihisi kitu kizito, alichokibeba tangu usichana, kinasogea kidogo mabegani mwake.

"Na mtihani wa mwisho mmeufuta?"

"Hapana, upo, tena una uzito wake. Ila hauamui peke yake. Zamani mtoto angeamka na homa siku ya mtihani, miaka yote ikapotea. Wewe ukifua mwaka mzima vizuri, siku moja mvua ikakuharibia nguo, utakuwa si dobi tena?"

"Nitaendelea kuwa dobi, mwalimu."

"Basi sasa kazi anazofanya mwaka mzima zina maksi zake, nazo hujumlishwa na za mtihani."

"Na wale watakaofanyiwa na kaka zao?"

"Kila mmoja anasimama mbele yangu, namuuliza maswali. Kazi ya kuazima haijui kujibu." Mwalimu aliacha kutabasamu. "Ila kazi hii mwisho ni Ijumaa. Asipoimaliza, maksi zake hazipo. Ngazi itashuka, na masomo ya sayansi mwakani atayasikia kwa wenzake tu."

Mama alisimama. Alifungua chumba, akatoka na beseni jeusi na kamba zote.

"Kiherehere, nifanye nini?"

Binti alimtazama kama asiyeamini. "Mama, kweli? Nahitaji mtu mwenye kimo kingine. Mimi nimeshapima kwa macho yangu. Kama njia yangu ni ya kweli, macho yako yatapata jibu hilohilo."

Alasiri iliyofuata upepo ulitulia. Mwalimu alikuja. Mjomba wa Kiherehere alikuja pia. Yeye ndiye mhudumu wa tangi, na kila siku hupanda ule mnara. Binti alilifukia beseni katika shimo la mwisho, lile alilopimia yeye. Alilijaza maji hadi yakawa sawa na ardhi.

"Kwa nini hili jeusi?" mama aliuliza. "Lile jeupe lina ubaya gani?"

"Jeupe linaonyesha kitako chake tu. Jeusi linafanya maji yawe kioo."

Alimpima mama kwa kamba, kutoka machoni hadi ardhini, akaikata. Akailaza chini kuanzia katikati ya beseni, kuelekea upande usio na mnara.

"Simama kamba inapoishia. Tazama katikati ya maji."

Mama alisimama. Aliinamisha macho kwenye beseni alilofulia shuka na suruali miaka yote. Akashika kifua.

"Uwii! Mnara umo humu!"

Ulikuwamo kweli. Kilele chake kilikuwa katikati ya maji, na wingu dogo pembeni. Mama aliduwaa. Alitazama mnara, akatazama beseni, akarudia tena. Kila siku ya maisha yake alikuwa ameinamia maji, na hakujua kwamba yanaweza kubeba kitu kikubwa namna ile.

"Sasa sikiliza," Kiherehere alisema, sauti imemshuka. "Kutoka miguu yako hadi beseni ni sawa na kutoka miguu yako hadi macho. Mwanga hugonga maji na kurudi kwa mwinamo uleule. Basi na upande wa pili ni hivyohivyo. Kutoka beseni hadi mnara ni sawa na kutoka chini ya mnara hadi juu. Huna haja ya kupanda. Urefu wa mnara umelala hapa chini."

Mjomba alikuna kichwa. "Mimi na magoti yangu nimeupanda mnara huu mpaka nimechakaa, leo mtoto anaupima kwa beseni? Sikubali. Nipeni kamba."

Waliunga kamba za kuanikia, wakafunga jiwe ndani ya soksi iliyopoteza mwenzake. Mjomba alipanda. Alipofika juu aliishusha kamba taratibu, mpaka soksi ikagusa ardhi. Akafunga fundo pale juu, akaiachia yote ikadondoka.

Mama na binti waliinyoosha kutoka kitako cha mnara kuelekea kwenye beseni. Fundo lilisogea, likasogea, likatua kando ya maji. Lilipungua unyayo mmoja tu.

Mama alikaa chini kwenye vumbi, machozi yakamtoka. "Mwanangu ameulaza mnara," alisema. "Mwanangu mimi."

"Lakini haikutimia, mwalimu," Kiherehere alisema kwa wasiwasi. "Nifute?"

"Usifute kitu! Andika ilivyopungua, kisha utafute sababu. Hata hilo lina maksi."

Kiherehere alipiga magoti na kuchungulia ardhi. "Uwanja una mteremko kidogo," alisema, akaanza kuandika.

Ijumaa aliwasilisha kazi yake, akaulizwa maswali, akajibu. Ngazi ya nne haikushuka. Mwaka uliofuata aliingia masomo ya sayansi. Lugha nayo aliikazania, akapanda hadi ya tatu. Safari hii mama alijua pa kupongeza. Na kikao cha wazazi hakikosi tena, hata nguo zikiwa mlima.

Siku moja jirani yake, fundi cherehani, alimkuta anaanika.

"Jirani, ripoti zimetoka. Binti yako amekuwa wa ngapi?"

Mama alibana nguo kwenye kamba yenye mafundo.

"Sijui, na sijauliza," alisema. "Njoo kwanza usimame hapa. Tazama kwenye beseni."