Minazi ya Kurui

Jumatatu moja ya mwaka hamsini na mbili, baraza ya boma la Kisarawe ilijaa watu waliofuata leseni. Mfaume wa Kibaha, kanzu yake imenyooshwa kwa pasi, alitaka leseni ya udalali wa mashamba. Mbele yake alisimama msichana wa kanga nyekundu na wanja uliokolea, aliyetaka ya kuuza maandazi.

"Dalali," msichana huyo, Siwema, alimtania. "Kazi ya kuuza cha mwenzio."

"Wewe nitakuuzia changu. Moyo."

"Huo una mipaka?"

Mfaume akacheka, na tangu hapo hakupona. Kwa miezi mitatu walikutana kila siku ya gulio Mlandizi, Mfaume akimwita "leseni yangu", naye akimwambia aache maneno ya sokoni. Wazee wakapeleka posa Kurui, kwao Siwema. Yeye mwenyewe, kwa adabu ya mchumba, hakukanyaga kwa wakweze. Laiti angekanyaga.

Karani alikuwa amemweleza wazi: leseni haitoki mpaka asimamie uuzaji mmoja chini ya dalali mzoefu, apite mipaka na majirani, nao watie dole gumba. Mzee Pazi, dalali wa siku nyingi, akampa shamba huko huko Kurui. Muuzaji ni Maneno, aliyerithi ardhi ya marehemu kaka yake, na mnunuzi alitaka kufyeka kila kilichosimama apande mkonge.

Siku ya kupita mipaka mawingu yalishuka chini na upepo ukakata. Majirani wanne, wote wanaume, walikwisha tia dole wakati bibi mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo alipomwita Mfaume kando.

"Mjukuu wangu, ardhi ni ya Maneno, sawa. Minazi je? Aliyeipanda ni mwanamke, na yu hai."

Mfaume alijua, kama ajuavyo kila mtu wa huku, kwamba mnazi ni wa aliyeupanda hata ukiwa kwenye ardhi ya mwingine. Akarudi kwa Mzee Pazi, akamweleza. Mzee akajibu kwamba karatasi ile haina nafasi ya wanawake, na kwamba karani anafunga kitabu cha leseni Ijumaa. Mfaume akatia sahihi. Tusimsingizie shetani, ni hofu ya kukosa leseni iliyomshika mkono.

Ijumaa akaipata. Gulio lililofuata Siwema alikuja bila wanja, midomo imemkauka. Alimwambia kwamba wameingia watu wenye mashoka, wanakata minazi ya mama yake, mjane wa kaka yake Maneno. Karatasi waliyoonyeshwa ina jina la Mfaume.

Mfaume hakungoja kusikia zaidi. Alidandia lori hadi Kisarawe, akaiweka leseni mezani na kusema anaifuta sahihi yake, minazi ile ina mwenyewe. Karani aliichukua polepole, akamwambia asitegemee nyingine maisha yake yote, kisha akaandika barua ya kusimamisha ukataji.

Alipofika Kurui na barua ile, minazi minne tu ilikuwa imesimama. Uwanja mzima ulinuka utomvu. Siwema alimpokea mlangoni, sauti yake ya chini sana.

"Mama amesikia umeirudisha leseni. Anasema Mzee Pazi alikuficha. Sema tu hukujua, Mfaume, posa yako ijibiwe leo hii."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mzee Pazi asingemsuta, na mama wa watu alikuwa tayari kumsamehe. Mfaume alimpenda msichana yule kupita kiasi, na kwa kumpenda akashindwa.

"Niliambiwa," alisema.

"Lini?"

"Kabla sijatia sahihi."

Machozi yalimtiririka Siwema, hakuyafuta.

"Ungenidanganya," alisema, "ningeolewa nawe."

Akaingia ndani kwa mama yake, na Mfaume akasikia komeo likisukumwa.